Kutunga muziki kwa kanuni na kompyuta: kutoka Illinois 1956 hadi amadinda ya Buganda

#1 Kanuni_na_Sauti (mleta uzi)

Habari zenu wanajukwaa.

Kila wiki humu unafunguliwa uzi kuhusu programu za akili mnemba zinazokupa wimbo mzima ukishaziandikia sentensi mbili. Mabishano ni yaleyale: huyu anasema muziki umekwisha, yule anasema wanaolalamika ni wavivu. Mimi naomba turudi nyuma. Kompyuta ilianza kutunga muziki miaka mitano kabla ya uhuru wa Tanganyika, na kwa maoni yangu mtunzi wa leo ana mengi ya kujifunza kwenye mashine ile ya zamani kuliko kwenye kitufe cha sasa. Nimewaandikia watu wa kwaya, watu wa studio na wanaosoma kompyuta kwa pamoja, kwa hiyo kila mmoja atakuta sehemu anayoijua tayari. Mnivumilie.

Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani kilikuwa na kompyuta iliyoitwa ILLIAC, iliyoanza kazi mwaka 1952. Ndani yake zilikuwamo vali za kioo 2,800, ndugu zake na zile za redio za babu zetu, na kumbukumbu yake kuu ilikuwa kama kilobaiti 5 tu. Picha moja ya simu yako haienei humo hata kipande chake.

Aliyeipa kazi ya muziki alikuwa mkemia, Lejaren Hiller. Alisomea kemia Princeton, na hukohuko akajifunza utunzi kwa Roger Sessions na Milton Babbitt. Kwenye kemia alikuwa akikokotoa maumbo ya molekuli ndefu kama za plastiki na mpira. Maumbo yanayowezekana ni mengi mno, hayahesabiki yote, kwa hiyo unaiagiza kompyuta iujenge mnyororo hatua kwa hatua kwa kubahatisha. Hatua ikivunja sheria, mathalani mnyororo ukitaka kupita mahali palipokwisha kukaliwa, hatua hiyo inatupwa na nyingine inajaribiwa. Hiller akaona kwamba hata tuni ni mnyororo wa namna hiyo. Noti hufuata noti, na zipo sheria za kipi kisifuate kipi.

Yeye na mwenzake Leonard Isaacson wakaandika programu. Kompyuta inabahatisha namba, kila namba inasimama kwa noti nyeupe ya kinanda. Kisha maswali yanaanza. Je, tuni imeanzia do? Je, imevuka oktava moja, yaani do hadi do ya juu yake? Je, imeruka kutoka fa kwenda ti, mruko ambao walimu wa zamani waliukataza? Je, sauti mbili zinatembea pamoja huku zikiacha kati yao umbali uleule wa do na so? Jibu likiwa baya, noti inakataliwa, namba nyingine inabahatishwa. Ikitokea hakuna noti yoyote inayokubalika, programu inaifuta tuni na kuanza upya.

Matokeo yake ni Illiac Suite, kazi ya ala nne za nyuzi: fidla mbili, viola na selo. Sehemu tatu za kwanza zilipigwa mbele ya watu Agosti 1956, na ya nne ikaongezwa baadaye. Sehemu hizo wenyewe waliziita majaribio. La kwanza linaanza na tuni ya sauti moja, zinakuja mbili, zinaishia nne. La tatu linaingiza mdundo, nguvu ya sauti na namna ya kukwaruza uta.

La pili ndilo ninalotaka kila mtu humu alisikilize. Linaanza na noti nyeupe za kubahatisha tupu, vurugu kabisa. Halafu kanuni zinaongezwa chache chache, na kila zinapoongezwa muziki unakaa sawa zaidi, hadi mwisho unasikia sauti nne zinazotembea kwa adabu ya kikanisa. Chanzo cha noti hakikubadilika hata mara moja. Kilichobadilika ni chekeche.

Hapo ndipo penye hoja yangu yote. Kwenye utunzi wa namna hii mtunzi anajulikana kwa anachokikataa. Noti za kubahatisha hata mtoto anaweza kuzitoa. Anayeamua ipi ipite na ipi itupwe, na anaweza kukueleza kwa nini, huyo ndiye mtunzi, awe na kalamu au awe na kompyuta.

Na jambo hili ni la zamani kuliko umeme. Mwaka 1843 Ada Lovelace, Mwingereza, aliandika kwamba mashine ya kukokotoa ikipewa sheria za uhusiano wa sauti inaweza kutunga muziki. Kabla yake, karne ya 18, Ulaya walikuwa wakiuziwa michezo ya kutunga kwa dadu. Johann Kirnberger alitoa wake mwaka 1757, na unaojulikana zaidi ulichapishwa kwa jina la Mozart baada ya kifo chake, ingawa hakuna uthibitisho kwamba ni wake. Unarusha dadu mbili, unapata jumla kati ya 2 na 12, unakwenda kwenye jedwali kuchukua kipimo cha muziki chenye namba hiyo. Ukimaliza vipimo 16 una wimbo wa kuchezea. Kila mara unapendeza, na watu walishangaa. Siri ni kwamba vipimo vya safu moja vimejengwa juu ya msingi uleule, kwa hiyo ukibadilisha kimoja kwa kingine nyumba haianguki. Na kwa kuwa jumla ya 7 ina njia 6 za kutokea kati ya 36, huku jumla ya 2 ikiwa na njia moja tu, vipimo vya mstari wa 7 vinasikika mara nyingi zaidi. Aliyepanga jedwali alikwisha kuamua karibu kila kitu kabla hujashika dadu.

Naomba kuwasilisha. Walimu wa kwaya na maprodyuza, karibuni.

#2 Sauti_ya_Tatu

Mkuu, asante kwa uzi uliotulia. Mimi ni mwalimu wa kwaya, tunaimba kwa tonik solfa, kinanda tunacho lakini wanaosoma noti za mistari ni wachache. Hizo kanuni za sauti mbili kutotembea pamoja tunafundishwa na tunawafundisha vijana.

Nina maswali mawili. Hiyo sehemu ya nne hujaielezea. Na la pili: kwetu tuni haiji peke yake, inakuja na maneno. Nyimbo nyingi tulizorithi zilitafsiriwa kutoka Kijerumani na Kiingereza, tuni ikabaki ileile, na hadi leo tunaimba maneno yaliyokanyagwa mahali pasipostahili. Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. “Bwana” mkazo ni BWA, lakini unakuta tuni inaukandamiza NA. Kompyuta ya huyo Hiller ingelijuaje hilo?

#3 Kanuni_na_Sauti

Shikamoo mwalimu. Swali lako la pili ni zuri kuliko uzi wangu, nitalifikia.

Sehemu ya nne waliziacha sheria za shule kabisa, wakatumia mnyororo wa Markov. Andrei Markov alikuwa mwanahisabati wa Urusi. Mwaka 1913 alichukua herufi 20,000 za shairi la Pushkin akahesabu mara ngapi irabu inafuatwa na irabu, na mara ngapi inafuatwa na konsonanti. Kwenye muziki ni hesabu hiyohiyo, na wewe unaweza kuifanya kwa penseli.

Chukua nyimbo kadhaa za kwaya yako, sauti ya kwanza tu. Chora jedwali la mistari saba na safu saba: d r m f s l t pembeni, d r m f s l t juu. Pita wimbo noti kwa noti. Ukikuta s inafuatwa na m, weka alama kwenye mstari wa s, safu ya m. Ukimaliza, kila mstari unakuambia tabia ya noti hiyo. Utaona t karibu kila mara inarudi d. Utaona f inapenda kushuka m. Sasa anza na d, bahatisha noti inayofuata kwa uzito wa alama zako, kisha nyingine, kisha nyingine. Kitakachotoka kitakuwa na harufu ya kwaya yako, maana hesabu ni ya kwaya yako.

Lakini utagundua kasoro upesi. Mashine inayokumbuka noti moja tu iliyopita inatangatanga, haijui kwamba mstari wa wimbo unaelekea kwisha, wala haijui kiitikio ni nini. Utasema basi ikumbuke noti mbili zilizopita, au tatu. Inakuwa na akili zaidi. Ukiipeleka ikumbuke sita au saba, inaanza kukurudishia mistari mizima ya nyimbo ulizoilisha, neno kwa neno, kwa sababu kwenye jedwali dogo njia iliyobaki ni moja. Kumbukumbu fupi inapotea njia, kumbukumbu ndefu inanakili. Tatizo hilo ni la tangu wakati huo, na hata mabishano ya leo kuhusu programu kubwa kurudisha nyimbo za watu yana mzizi hapo.

Sasa mkazo. ILLIAC isingelijua, na haikupaswa kulijua, maana Hiller hakuandika kanuni hiyo. Wewe ndiye umeiandika sasa hivi: silabi ya pili kutoka mwisho ikae kwenye pigo zito, au ipande juu kuliko silabi inayoifuata, au irefushwe. Kompyuta inaweza kuikagua kirahisi sana, kwa sababu Kiswahili kinafuata kanuni hiyo karibu kila neno, tofauti na Kiingereza ambako kila neno lina mkazo wake. Chukua tuni 1,000 za kubahatisha kutoka kwenye jedwali lako, weka ubeti wako wa zaburi, na uitupe kila tuni inayovunja mkazo. Hapo tayari umetunga kwa algoriti, yaani kwa kanuni za hatua kwa hatua, na ni algoriti ambayo Illinois hawakuwa nayo.

#4 Prodyuza_Mtaani

Mkuu nakuheshimu lakini naona unatupeleka darasani wakati huku nje nyumba inaungua. Nina studio ndogo, natumia FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, kama wenzangu wengi. Mteja siku hizi anakuja na wimbo tayari umetoka kwenye programu, anasema “nitengenezee kama huu, ila niimbe mimi.” Anataka bei ya chini kwa sababu “kazi imeshafanyika.” Vijana wanasema hakuna tofauti, kwamba kompyuta ni kompyuta. Tofauti unayoiona wewe kati ya ILLIAC na hizi programu za akili mnemba, Suno na Udio, ni ipi hasa? Na huo wimbo ni mali ya nani?

#5 Kanuni_na_Sauti

Kaka, nyumba inaungua kweli na sijaja kukuambia moshi ni mawingu. Ngoja nipite kwa mtu mmoja katikati, halafu nikujibu.

David Cope alikuwa mtunzi na mwalimu Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Mwaka 1981 alikuwa ameagizwa kuandika opera, na akili ikagoma. Akaanza kuandika programu kwa lugha ya Lisp, akitaka iuelewe mtindo wake na kumpendekezea noti inayofuata. Kazi ikamvuta mbali. Programu hiyo, aliyoiita EMI (Experiments in Musical Intelligence, majaribio ya akili ya muziki), ilikuwa inalishwa kazi za mtunzi mmoja, tuseme Bach, inazikata vipande, inatafuta vijipande vinavyojirudia kama saini yake, kisha inaviunganisha upya bila kuziharibu saini hizo. Cope alisimulia kwamba aliiacha ikitoa korali, nyimbo za kanisa za sauti nne, za mtindo wa Bach akaenda kula, akarudi akakuta 5,000.

Mwaka 1997, Chuo Kikuu cha Oregon, wasikilizaji walipigiwa vipande vitatu: kimoja cha Bach, kimoja cha EMI, kimoja cha Steve Larson, mwalimu wa muziki wa palepale. Waliombwa waseme kipi ni cha nani. Wengi walisema cha EMI ndicho cha Bach. Kilichomuuma Larson ni kwamba cha kwake ndicho walichosema kimetungwa na kompyuta.

Watu husimulia kisa hiki kuonyesha kwamba mashine imeshinda. Mimi naona kingine. Cope aliandika kanuni za kukata na kuunganisha, akachagua nini cha kuilisha, akasikiliza, akatupa lundo. Na mwishoni alifanya jambo zito zaidi: aliifuta hazina ya data ya EMI, akaanza programu nyingine aliyoiita Emily Howell. Mtu anayeweza kuifuta ana mamlaka juu yake.

Sasa jibu lako. Kwenye ILLIAC na kwenye jedwali la mwalimu wetu wa kwaya, kanuni inasomeka. Ukiuliza kwa nini noti hii, kuna jibu. Kwenye hizi za sasa hakuna kanuni iliyoandikwa na mtu; kuna mamilioni ya namba zilizojipanga zenyewe kwa kusikilizishwa rekodi nyingi mno. Wewe unaandika maelezo, yenyewe inatoa kinachofanana zaidi na ilivyosikia. Unaweza kukataa wimbo wote ukaomba mwingine, lakini huwezi kuikataza kanuni, maana huijui. Hiyo ndiyo tofauti yangu, na si ndogo. Juni 2024 kampuni kubwa za kurekodi za Marekani ziliwashtaki Suno na Udio, zikidai rekodi zao zilinakiliwa bila ruhusa ili kuzifunza programu hizo.

Kuhusu mali: ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilitoa ripoti Januari 2025 ikisema maelezo unayoiandikia programu, peke yake, hayatoshi kukufanya mtunzi wa kilichotoka. Mchango wa mtu unaoonekana ndani ya kazi ndio unaolindwa. Hiyo ni sheria ya kwao, lakini nyimbo zetu zinauzwa kwenye majukwaa ya kwao. Kwa hiyo mteja akikuletea wimbo wa namna hiyo, mwambie kwa utulivu kwamba anachokishika huenda hakina mwenyewe, na kazi utakayoifanya wewe, midundo utakayopiga, sauti utakazopanga, ndiyo itakayompa kitu cha kusajili. Hifadhi mafaili yako ya mradi yote, na tarehe zake. Na bei isishuke.

#6 Lubiri_Kampala

Nawasalimu kutoka Kampala. Nimesoma yote, na naona mmepita Marekani na Urusi huku mkituacha sisi tulioanza mapema.

Amadinda ni marimba yetu Buganda, vibao 12, yalikuwa yakipigwa kwenye ikulu ya Kabaka. Wapigaji wanakaa pande mbili za vibao vilevile, wakitazamana. Wa kwanza anapiga sehemu inayoitwa okunaga, kila noti kwa mikono miwili, oktava. Wa pili anapiga okwawula, yake, na noti zake zinaingia katikati kabisa ya noti za mwenzake. Hakuna anayesubiri, zinasukana tu, kasi inakuwa mara mbili ya ile ambayo mmoja angeiweza.

Wa tatu ndiye anayewahusu. Sehemu yake inaitwa okukoonera, na ana vibao viwili tu vya juu. Hatungi, hachagui. Kanuni yake ni hii: kila mara yeyote kati ya wale wawili akigusa kibao cha chini kabisa au kinachokifuata, yeye anairudia noti hiyo juu, oktava mbili. Wasipovigusa, ananyamaza. Kwa hiyo sehemu ya tatu inazaliwa na mbili za kwanza kwa kanuni tupu. Ukipanga okunaga na okwawula tofauti, ya tatu inabadilika yenyewe.

Gerhard Kubik wa Austria alijifunza kwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa ikulu, akaandika miaka ya 1960 kuhusu jambo ambalo wapigaji walilijua: mpangilio ukiwa na kasi, sikio linazikusanya noti za juu pamoja na za chini pamoja, na unasikia tuni ambazo hakuna hata mmoja wa wapigaji anayezipiga. Aliyepanga noti anatunga kwa ajili ya sikio. Mwaka 1966 ikulu ilipovamiwa, muziki wa ikulu ulikatika, na tunavyo leo vingi kwa sababu Muyinda na wenzake waliendelea kufundisha.

#7 Kanuni_na_Sauti

Mkuu wa Kampala, umenipa furaha leo. Hii ndiyo sababu nilitaja amadinda kwenye kichwa cha uzi, na bora imeelezwa na mtu wa hapo kuliko mimi. Kanuni ya okukoonera ni mistari miwili ya programu. Mtunzi wa Hungaria György Ligeti alisoma maandishi ya Kubik, na ya Simha Arom kuhusu muziki wa Afrika ya Kati, na vikaingia kwenye utunzi wake wa piano.

Niongeze moja inayohusu ngoma, kwa maprodyuza hasa. Mwaka 2005 Godfried Toussaint wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alionyesha kwamba hesabu ya Euclid, ile tuliyofundishwa shuleni ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika, inatoa midundo mingi ya asili ya dunia. Swali lake ni jepesi: una nafasi 8, unataka mapigo 3, uyasambaze kwa usawa kadiri inavyowezekana. Njia fupi: ihesabu kila nafasi kuanzia 0, izidishe kwa idadi ya mapigo, gawanya kwa idadi ya nafasi, tazama baki. Baki likiwa dogo kuliko idadi ya mapigo, piga. La sivyo nyamaza.

Kwa 3 katika 8 unapata:

x . . x . . x .

Kila prodyuza humu ameshaupiga huu bila kuuita Euclid. Sasa jaribu 7 katika 12:

x . x . x . x x . x . x

Anza kuusoma kutoka pigo la tano, uzungushe: hatua 2, 2, 1, 2, 2, 2, 1. Huo ni mdundo wa kengele unaojulikana sana Afrika Magharibi. Mwalimu wa kwaya, zitazame tena namba hizo. Ni ngazi yako ya do re mi fa so la ti do, nafasi kwa nafasi, kwenye vitufe 12 vya kinanda. Kengele ya ngoma na ngazi ya solfa zinatoka kwenye ugawaji mmoja. Mimi jambo hili linanisisimua kila ninapolifikiria.

Onyo dogo: hesabu inakupa mifupa. Inakupa mahali pa pigo, haikupi mkono. Mpiga ngoma hucheleweshea pigo moja kidogo, hulitia uzito jingine, na hapo ndipo kabila moja linapotofautiana na jirani yake hata kama mifupa ni ileile.

#8 Fidla_Unguja

Assalaam alaykum. Mimi napiga fidla katika kikundi cha taarab. Nimefurahi, ila mnazungumza kana kwamba noti ni 12 na basi. Ukitupigia maqam (ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu) kama Rast au Bayati kwa kinanda cha kawaida, tunasikia mara moja kwamba zile sauti za robo hazipo. Qanuni, ile ala ya nyuzi, inazo, fidla inazo, muimbaji anazo. Sasa kompyuta ikitungwa juu ya vitufe 12, kanuni ya kwanza kabisa imeshaandikwa na mtu mwingine kabla hatujafika. Na nadhani hata ndugu yetu wa Kampala ana tatizo hilohilo.

#9 Lubiri_Kampala

Kweli kabisa. Amadinda ina sauti tano ndani ya oktava, zilizogawanywa karibu sawa. Ngazi hiyo haikai vizuri kwenye kinanda. Nimesikia lupu za “marimba ya Kiafrika” zinazouzwa, nyingi zimelazimishwa zikae kwenye vitufe vyeusi.

#10 Kanuni_na_Sauti

Waalaykum salaam. Umeligusa palepale. MIDI, lugha ya vyombo vya elektroniki tangu 1983, inaipa kila noti namba nzima kati ya 0 na 127, na kwa kawaida kila namba ni nusu sauti ya kizungu. Programu ikijifunza kutoka namba hizo nzima peke yake, robo ya sauti haipo kabisa kwenye dunia yake. Haiwezi hata kuikataa.

Lakini hapa kuna habari njema, na haihitaji fedha. Iko programu ya bure inaitwa Sonic Pi, aliyoiunda Sam Aaron akiwa Cambridge ili watoto wa shule wajifunze kuandika programu kwa kupiga muziki. Inakubali namba zenye desimali. Oktava ina nusu sauti 12, ukigawanya kwa tano unapata 2.4. Kwa hiyo ngazi inayokaribia amadinda ni 60, 62.4, 64.8, 67.2, 69.6, kisha 72. Amadinda halisi hazigawanyiki kwa usawa huo wa hesabu, kila fundi anatuni kwa sikio lake, kwa hiyo ukipata ala halisi pima vibao vyake uandike namba zako. Kwa Rast, anzia 60, nenda 62, halafu 63.5, halafu 65, kisha isogeze ile 63.5 juu au chini kidogo hadi sikio lako la taarab liseme ndiyo. Midundo ya Euclid nayo imo ndani tayari, kwa amri ya spread: unaipa 3 na 8, inakurudishia nafasi za kupiga.

Pure Data nayo ni ya bure, inaendeshwa kwa kuunganisha visanduku kwa mistari, na kompyuta dhaifu inaimudu. Kwa anayetaka kuanza leo, kazi niliyoipanga ni hii: okunaga ya noti 12 uliyoiandika mwenyewe, okwawula ya noti 12, zisukane, halafu uandike mistari miwili ya okukoonera na usikilize sehemu ya tatu ikizaliwa. Mkuu wa Kampala, ukiwa na muda tuwekee namba za mfano mmoja wa kufundishia, hata mfupi.

#11 Sauti_ya_Tatu

Nimechora jedwali. Nyimbo za Pasaka tu kwa sasa. Kweli ti inarudi do, lakini kwetu la inashuka so kuliko nilivyodhani, na fa tunaikwepa sana, mara nyingi tunaruka kutoka mi kwenda so. Mkuu, kwenye kukagua mkazo, maneno ya silabi moja kama “na”, “ya”, “kwa” nayafanyaje?

#12 Kanuni_na_Sauti

Mwalimu, yaache bila sharti lolote ila moja: yasikae kwenye pigo zito pale ambapo neno linalofuata lina mkazo wa kuanzia silabi yake ya kwanza, kama “na Bwana”. Hapo “na” iingie kabla ya pigo. Na hiyo tabia ya kuikwepa fa usiirekebishe, iache kwenye jedwali kama ilivyo.

#13 Lubiri_Kampala

Namba nitaziweka kesho jioni, nazinakili kutoka daftari la mwalimu wangu.